Ernst May: Mjerumani wa Hoteli ya Oceanic aliyeijua nyumba ndogo

Watu wazima wa Mombasa wanaikumbuka Hoteli ya Oceanic, lile jengo la upande wa Kizingo lililoelekezwa baharini. Wengi walipita mbele yake, wengine walifanya kazi ndani yake, lakini ukiuliza ni nani aliyeichora, wachache watakujibu. Aliyeichora ni Mjerumani, Ernst May. Na kabla hajafika pwani yetu alikuwa amekwishapata jina kubwa Ulaya kwa jambo lililo mbali sana na hoteli ya watalii. Alijenga nyumba ndogo, maelfu kwa maelfu, na akahangaika na swali moja: vipi mtu na mkewe na watoto wao wataishi humo bila ya kuhisi wamebanwa.

Swali hilo leo ni letu. Waliozaliwa kwenye nyumba zenye ukumbi na ua sasa wanaishi fleti za vyumba viwili kule Tudor, Kisauni, Bamburi na Mtwapa. Viwanja vimekwisha, au vimekuwa ghali, na watoto wa nyumba moja wamegawanyika kila mmoja na ghorofa yake. Mtu anahama na kila alichokuwa nacho: makochi ya watu saba, kabati la nguo la milango minne, kabati la vyombo vya kioo visivyoguswa ila siku ya Idi. Akishaviingiza vyote anasimama mlangoni na kulaumu fleti. Yafaa basi tumjue mtu huyu, kwa mema yake na kwa yale yasiyokuwa mema, maana yote mawili aliyaleta Afrika Mashariki.

May alizaliwa Frankfurt tarehe 27 Julai 1886. Ujana wake alikwenda Uingereza, akasoma London, kisha akarudi huko tena kufanya kazi kwa Raymond Unwin, mtaalamu aliyekuwa akipanga mtaa wa Hampstead Garden Suburb kaskazini mwa jiji hilo. Unwin alikuwa na imani moja iliyomwingia May mpaka kwenye mifupa. Nyumba ya mtu wa kipato cha chini haiishii kwenye kuta zake. Ukimpa kipande cha bustani, njia yenye miti na mahali pa watoto kucheza, ile nyumba ndogo inakuwa na eneo ambalo halikuandikwa kwenye ramani ya vyumba. Sisi jambo hili tunalijua bila ya kufundishwa. Nyumba ya Kiswahili yenye baraza mbele na ua nyuma vyumba vyake havikuwa vikubwa, lakini nani aliyekuwa akishinda chumbani?

Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, May alipelekwa Breslau, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Wrocław, kusimamia ujenzi wa nyumba za mashambani katika jimbo la Silesia. Fedha hazikuwapo, vifaa havikuwapo, na watu waliokimbia mipaka mipya walikuwa hawana pa kulala. Hapo ndipo alipojifunza kuhesabu kila hatua ya mguu na kila ubao. Alifanya kazi hiyo mpaka 1925, na mwaka huo Meya wa Frankfurt, Ludwig Landmann, akamwita arudi nyumbani.

Frankfurt ya wakati huo ilikuwa na dhiki ya makazi. Wakati wa vita ujenzi ulikuwa umesimama, kisha mwaka 1923 mfumuko wa bei ukaifanya fedha ya Ujerumani kuwa karatasi tupu. Familia zilijazana kwenye vyumba vya chini ya ardhi na chini ya mapaa. Serikali ikaweka kodi kwa wenye nyumba za zamani, ambao madeni yao ya benki yalikuwa yamefutika pamoja na thamani ya fedha, na kodi hiyo ikatumika kujenga nyumba mpya. Landmann alimpa May mamlaka ambayo wasanifu wengi huyaota tu: kupanga mji, kuamua viwanja, kuchagua aina ya madirisha na hata vitasa vya milango. Katika miaka mitano tu, zaidi ya nyumba 12,000 zikasimama.

Hesabu hiyo si ndogo, lakini sicho kinachonivutia mimi. Wapo wengi waliojenga nyumba nyingi. Kinachonivutia ni kwamba May alikataa kuichukua nyumba kubwa ya tajiri na kuipunguza tu, kila chumba kikawa kile kile lakini kidogo zaidi. Hivyo ndivyo wanavyofanya wajenzi wetu wengi mpaka leo: sebule ya mita tatu, chumba ambacho kitanda kikiingia mlango haufunguki vizuri, na ujia wa giza wa kuunganisha vyote. May alianza kwa kuuliza watu wa nyumba hiyo hufanya nini asubuhi, mchana na usiku, na ni kitu gani kinakaa sakafuni bila ya sababu.

Jibu la kwanza lilikuwa jikoni. Kazi hiyo alimpa msanifu wa kike kutoka Vienna, Margarete Lihotzky, ambaye baadaye aliolewa na kuongeza jina la Schütte. Mwaka 1926 bibi huyo alichora jiko ambalo mpaka sasa linaitwa jiko la Frankfurt. Upana wake mita 1.9, urefu kama mita 3.4. Alipima hatua za mwanamke anayepika kwa saa mkononi: kutoka kwenye sinki hadi kwenye jiko, kutoka kabatini hadi kwenye ubao wa kukatia. Alitazama pia majiko ya mabehewa ya treni, ambamo mpishi mmoja huwalisha watu wengi akiwa amesimama mahali pamoja.

Hakuna kilichoachwa kielee ndani ya jiko lile. Makabati yalishikana na ukuta mpaka juu, hivyo vumbi halikupata pa kukaa. Ubao wa kupigia pasi ulikunjwa ukutani. Taa ilitembea kwenye reli darini, mpishi akaivuta pale anapotaka mwanga. Mchele, sukari na nafaka vilikaa kwenye vidroo vya aluminiamu vyenye mdomo wa kumiminia, kila kimoja na jina lake. Chini ya meza ya kukatia palikuwa na droo ya maganda. Palikuwa na kiti cha kuzunguka ili mtu akate mboga huku amekaa, na sanduku lililozibwa joto lisitoke, ambamo chungu kikishachemka hutiwa kikajimalizia chenyewe. Majiko mengi yalipakwa rangi ya samawati, kwa imani ya wakati huo kwamba nzi hawaipendi. Kama ni kweli au si kweli, waulizwe nzi.

Majiko kama 10,000 ya namna hiyo yalitiwa katika nyumba za Frankfurt. Na faida yake kubwa haikuwa jikoni bali chumba cha pili. Zamani familia ya mfanyakazi wa Kijerumani ilipika, ikala, ikafua, na mara nyingine ikalala katika chumba kimoja chenye moto. Jiko lilipokusanywa kwenye kijichumba chake, sebule ilipata uhuru wa kuwa sebule. Baina ya vyumba viwili uliwekwa mlango wa kusukuma pembeni, usiokula nafasi ya kufungukia, na mama aliyeko jikoni akiuacha wazi anawaona watoto wakicheza. Hesabu mwenyewe mlango wa kawaida wa fleti yako unahitaji eneo gani ili ufunguke. Hapo hupawezi kuweka kitu chochote maisha yako yote.

Jibu la pili lilikuwa kitanda. Kitanda ndicho mdokozi mkubwa wa nafasi katika nyumba ndogo: kinatumika usiku, na mchana kutwa kimelala tu kama mgeni asiyetaka kuaga. Katika nyumba ndogo kabisa za mtaa wa Praunheim viliwekwa vitanda vya kukunja, vinavyosimamishwa asubuhi vikaingia ukutani. Chumba cha kulala kikawa mchana ni chumba cha watoto kusomea. Wazee wetu walifanya hivyo kwa mkeka. Chumba kile kile kilitandikwa cha kulia, kikakunjwa, kikatandikwa cha wageni, kikakunjwa, kikatandikwa cha kulalia. Mkeka ukisimama pembeni ya mlango, chumba chote ni chako. Na anayekaa chini huona dari liko mbali, jambo ambalo mwenye kochi refu hawezi kulipata hata apake rangi nyeupe mara tatu.

Jibu la tatu lilikuwa samani zenyewe. May aliona wapangaji wakihamia nyumba mpya na makabati ya bibi zao, mazito, yenye nakshi, marefu kupita milango. Jiji likamweka kazini Ferdinand Kramer, aliyechora meza, viti na makabati mepesi, yenye miguu, yasiyo na pambo la bure. Sehemu ya samani hizo ziliundwa na mafundi seremala waliokuwa hawana kazi, chini ya mpango wa jiji lenyewe, zikauzwa kwa bei ambayo mfanyakazi angeweza kuilipa. Miguu hiyo si jambo dogo. Kabati lililokaa chini moja kwa moja hukata sakafu, jicho likagota hapo. Lililoinuliwa kwa miguu huacha sakafu ionekane mpaka ukutani, na jicho hupima chumba kwa sakafu linayoiona.

La nne, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, lilikuwa jua na upepo. May hakuwa akipanga nyumba kwa kufuata barabara tu. Alizigeuza kufuata mwanga. Katika mtaa wa Bruchfeldstraße alizichonga nyumba zikaenda upande huu na upande huu kama meno ya msumeno, ili kila familia ipate jua lake, na watu wa mjini wakaupa mtaa jina la utani kwa sababu ya vile vipembe. Katika Römerstadt, mtaa wa nyumba zipatazo 1,200 uliojengwa 1927 na 1928, safu za nyumba zilifuata mteremko wa bonde la mto Nidda. Aliyesimama dirishani aliona bustani yake, kisha mabustani ya kulima mboga, kisha bonde lote. Bustani hizo zilipangwa kwa bidii ile ile iliyotumika kupanga vyumba. Nyumba ambazo hazikuwa na bustani zilipewa roshani au paa la bapa la kukalia.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu roshani ndiyo tunayoidhulumu kuliko kitu chochote katika fleti zetu. Imejengwa ili sebule ipumue, nasi tunaijaza mitungi ya gesi, madumu, baiskeli ya mtoto na mazulia yaliyokunjwa, halafu tunaifungia kwa pazia zito la kahawia mchana na usiku kwa sababu nje pana mitungi ya gesi. Basi sebule imekufa. Mwanga umezuiwa, upepo wa kusi umezuiwa, na jicho, badala ya kutoka nje likaona mnazi au hata paa la jirani, linagonga kitambaa. Sitara ni haki na ni desturi yetu, sisemi watu waachwe wazi. Lakini wazee walikuwa na njia zao za sitara zisizoua upepo: dirisha la mbao za mlazo, chiki, pazia jepesi la nusu dirisha. Walifunika jicho la jirani bila ya kumfunika mwenye nyumba.

Tena si madirisha peke yake. Nyumba za mawe za Lamu vyumba vyake ni vyembamba sana, kwa sababu upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko iliyobeba dari, mita mbili na nusu au tatu hivi. Lakini anayeingia haoni wembamba. Vyumba vimepangwa sambamba, kimoja nyuma ya kingine, vikifungukiana kuelekea kiwanda cha ndani kisichoezekwa, na mwanga hutoka huko ukaingia mpaka ndani kabisa, ambako ukuta wa zidaka vya chokaa unaupokea. Vidaka hivyo vimechimbwa ndani ya ukuta wenyewe, kwa hiyo vyombo na vitabu vina mahali bila ya kabati hata moja kusimama sakafuni, na vile vivuli vya kidaka ndani ya kidaka humfanya mtu ahisi ukuta una kina. Mafundi wa Lamu walikuwa wamelimaliza swali hili kwa karne kadhaa kabla ya mwaka 1925.

Turudi Frankfurt, maana si kila mtu alifurahi. Jiko la Lihotzky lilitosha mtu mmoja tu. Mama na binti yake hawakuweza kupika pamoja, na wapangaji wengine walilalamika kwamba mpishi amefungiwa peke yake. Römerstadt iliwekwa umeme kila mahali, hata wa kupikia, jambo jipya kabisa Ujerumani, na bili zikawashtua watu. Zaidi ya hayo, kodi zilikuwa juu. Nyumba zilizokusudiwa kwa wafanyakazi wa chini zilikwenda kwa makarani, walimu na mafundi wenye mishahara ya uhakika. May alijibu kwa kupunguza zaidi. Katika mtaa wa Westhausen, ulioanza 1929, fleti nyingi zilikuwa na mita za mraba 40 na kidogo tu. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, wasanifu kutoka nchi nyingi walikutana Frankfurt kujadili nyumba ya kiwango cha chini kabisa ambacho binadamu anaweza kuishi nacho kwa heshima. May alishikilia kwamba ni bora familia nyingi zipate nyumba ndogo zenye jua, maji na choo chake mtu, kuliko familia chache zipate kubwa na zilizobaki zibaki kwenye mabanda. Ni hoja nzuri. Lakini yeye mwenyewe, tuseme ukweli, alikuwa amejijengea nyumba mtaa wa Ginnheim yenye sebule iliyopanda ghorofa mbili na dirisha kubwa kuelekea bonde.

Mdororo wa uchumi wa dunia ukakausha fedha za kujengea. Mwaka 1930 May alichukua kundi la wasanifu wenzake, Lihotzky akiwemo, wakaenda Urusi ya Kisovieti kupanga miji mipya ya viwanda. Huko aliambiwa apange mji wa Magnitogorsk wakati tanuri za chuma tayari zilikuwa zinajengwa na wafanyakazi wakilala kwenye mahema na mabanda. Ndoto ya fleti ndogo kwa kila familia ikashuka ikawa chumba kimoja kwa familia, na mara nyingi hata hicho hakikuwapo. Mikataba ilipokuwa inakaribia mwisho, Hitler alikuwa amekwishachukua Ujerumani. Wanazi waliyachukia mapaa yake ya bapa na siasa zake. Kurudi hakukuwezekana.

Akaja kwetu. Mwaka 1934 aliingia Tanganyika na mkewe Ilse na watoto wao wawili wa kiume, akanunua shamba karibu na Arusha. Mtu aliyejenga nyumba elfu kumi na mbili sasa akawa mkulima. Alidumu miaka mitatu hivi, kisha 1937 akahamia Nairobi na kufungua ofisi ya usanifu. Wateja wake walikuwa walowezi na wafanyabiashara. Alichora Kenwood House katikati ya mji na fleti za Delamere, na humo alijifunza jambo ambalo Frankfurt haikumfundisha: huku jua ni la kukimbiwa, na upepo ndio wa kutafutwa. Vita vya pili vilipoanza, Waingereza walimkamata kwa kuwa ni Mjerumani, ingawa alikuwa amewakimbia hao hao Wanazi, wakamweka kizuizini Afrika Kusini kwa muda wa miaka miwili hivi.

Baada ya kuachiliwa alipewa kazi kubwa ya kupanga upanuzi wa Kampala, na mpango wake wa vilima vya Kololo na Naguru ulitoka 1947. Ni hapa ambapo mtu huyu ananisumbua. Mpango huo ulikuwa na barabara zilizofuata vilima, masoko, shule, bustani, mambo yote aliyoyabeba tangu kwa Unwin. Lakini watu waligawanywa. Wazungu mahali pao, Wahindi pao, Waafrika pao, na Waafrika wenyewe wakapangwa kwa daraja, huyu chumba, huyu nyumba ndogo, kwa imani kwamba Mwafrika ni kama mwanafunzi wa kuongozwa hatua kwa hatua mpaka aweze kuishi mjini. Alibuni pia nyumba ya bei nafuu ya Waafrika, ya vipande vya saruji vinavyotengenezwa tayari na kupachikwa pamoja, yenye kuta zilizopinda kukutana juu.

Frankfurt udogo wa nyumba ulikuwa ni mapatano: jiji halina fedha, basi tupunguze mita za mraba, lakini tukulipe kwa jua, bustani, jiko lililofikiriwa, na haki yako ya kulalamika. Na watu walilalamika kweli, magazetini na mikutanoni. Afrika Mashariki udogo ulikuwa ni kipimo cha mtu. Hakuna aliyemwuliza mama wa Kiganda anapika vipi na nani, na kama anataka jiko la mtu mmoja. Vile vyumba vya serikali ya kikoloni vya mita tatu kwa tatu, ambavyo miji yetu yote ilivirithi na ambavyo wenye nyumba wa leo wanaendelea kuvinakili, vinatoka katika fikra hiyo. Si May aliyeianzisha, na mpango wake ulikuwa na huruma kuliko mingi ya wakati ule. Lakini aliitumikia, na aliyeijua nyumba ndogo kuliko watu wote alipaswa kuuliza zaidi.

Mwanzo wa miaka ya 1950 ndipo ilipokuja Oceanic. Kwa Mombasa ya wakati huo lilikuwa jengo la ajabu, la kisasa, wakati hoteli nyingine zilikuwa bado na sura ya bangili za kizungu za zamani. Vyumba vya hoteli navyo ni vyumba vidogo, na dawa yake ilikuwa ile ile aliyoitumia Römerstadt: chumba kielekezwe mahali penye nafasi, na nafasi hiyo itaingia yenyewe. Pale nafasi ilikuwa ni Bahari ya Hindi nzima. Mgeni akifungua mlango wa roshani, upepo ulimpitia, na mita chache za chumba chake zikaungana na maji mpaka upeo wa macho. Tofauti na Frankfurt ni nani aliyelala humo. Wenyeji wengi waliingia kwa mlango wa nyuma, wamevaa sare.

May hakukaa sana baada ya hapo. Mwishoni mwa 1953 aliondoka Kenya, ambayo ilikuwa katikati ya hali ya hatari, akarudi Ujerumani akiwa na miaka 67. Miji ilikuwa imebomolewa kwa mabomu na watu hawana nyumba, kama vile alivyoikuta Frankfurt ya 1925. Kampuni ya nyumba ya vyama vya wafanyakazi, Neue Heimat ya Hamburg, ilimpa kazi, na alishiriki katika mitaa mikubwa, mmojawapo Neue Vahr mjini Bremen, wenye nyumba kama 10,000. Fleti za huko zilikuwa bora kwa mabomba na joto kuliko zile za zamani, lakini majengo yalirefuka kwenda juu na bustani ya mtu binafsi ikawa nyasi za wote. Mimi naona Römerstadt inaishinda Neue Vahr kwa mbali, na nadhani hata yeye angekubali, kwa sababu mpangaji wa ghorofa ya kumi hana pa kupanda mchicha.

Alifariki Hamburg tarehe 11 Septemba 1970, akazikwa Frankfurt alikozaliwa. Lihotzky, mchora jiko, alipitia makubwa zaidi: alifungwa na Wanazi kuanzia 1941 mpaka mwisho wa vita, akatoka hai, akaishi mpaka mwaka 2000, akikaribia miaka 103, na mpaka uzeeni alichoshwa na watu waliodhani maisha yake yote ni jiko tu.

Römerstadt bado inakaliwa. Nyumba moja ya safu imerudishwa kama ilivyokuwa mwanzo, rangi zake, vitasa vyake na bustani yake ya nyuma, na wageni huruhusiwa kuingia kuitazama. Jiko la Lihotzky limo ndani, na vidroo vyake vya aluminiamu vimepangwa ukutani. Ukisimama katikati yake ukanyoosha mikono, unakaribia kugusa pande zote mbili, na mbele yako kuna dirisha.